Mgeni Aliyeitwa Tatu

Wazee wa Kazimia hawahesabu historia kwa tarehe. Husema jambo fulani lilikuwa kabla ya Mulele, jingine wakati wa Mulele, jingine baada yake, na msikilizaji anatakiwa aelewe. Ndani ya huo wakati wa Mulele imo miezi saba ya mwaka 1965 ambapo Wakuba zaidi ya 100 waliishi katika milima ya Fizi, juu ya ziwa Tanganyika. Miongoni mwao alikuwamo mtu aliyeandikishwa kama daktari na mkalimani wa Kifaransa, jina lake Tatu. Dunia inamfahamu zaidi kama Ernesto Che Guevara. Uso wake umechapishwa kwenye fulana nyingi kuliko uso wa mwanasiasa yeyote ninayemjua, na fulana hizo hufika hata kwetu ndani ya marobota ya mitumba. Kijana anayeivaa sokoni Baraka mara nyingi hajui kwamba mwenye uso ule alipita pwani hiihii, akala ugali wa muhogo, akaugua malaria, akashindwa, akaondoka.

Siku hizi hakuna semina ambayo haituhimizi tuwe raia wa dunia wanaowajibika. Maneno hayo hupita haraka mdomoni. Guevara ni mmoja wa watu wachache walioyachukua kwa maana yake kamili, hadi akarudisha uraia wa nchi aliyokuwa waziri wake. Nimemchagua kwa jarida la lugha, wala si la historia, kwa sababu yeye mwenyewe, alipoorodhesha makosa yake ya Kongo, aliweka miongoni mwake kosa ambalo kila msomaji wa kurasa hizi atalitambua: hakujifunza Kiswahili ipasavyo.

Alizaliwa Rosario, Argentina, Juni 1928. Tangu utotoni aliteswa na pumu, ugonjwa ambao haukumwacha hadi mwisho. Alisomea udaktari Buenos Aires. Mwaka 1952, kabla ya kuhitimu, yeye na rafiki yake Alberto Granado walipanda pikipiki moja kuu kuu wakaanza kuizunguka Amerika ya Kusini. Pikipiki ilikufa Chile, wakaendelea kwa miguu na kwa kudandia malori. Waliwaona wachimba shaba wa Chile, na huko San Pablo, Peru, walikaa na wagonjwa wa ukoma, wakala nao na kucheza nao mpira. Alirudi, akapata shahada yake mwaka 1953, akaondoka tena. Hakurudi kuishi Argentina.

Mwaka 1954 alikuwa Guatemala wakati serikali ya Jacobo Árbenz, iliyokuwa imeanza kuwagawia wakulima ardhi, ilipoangushwa kwa mpango wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Hapo, naamini, ndipo daktari alipoanza kumpisha mpiganaji. Alikimbilia Meksiko, akakutana na Fidel Castro mwaka 1955, na Desemba 1956 alishuka Kuba akiwa mmoja wa watu 82 waliosongamana katika boti iitwayo Granma. Siku chache baadaye walishambuliwa. Alisimulia mwenyewe kwamba miguuni pake kulikuwa na sanduku la dawa na sanduku la risasi, asiweze kubeba yote mawili, naye akachukua la risasi.

Jina la Che alipewa na Wakuba. Katika Kihispania cha Argentina, che ni neno dogo la kumwitia mtu au kuvuta usikivu wake, kama sisi tunavyosema we au bwana wee. Alilitumia mno, likamganda. Baadaye, kwetu, akapewa nambari. Mwanaisimu hawezi kuacha kutabasamu: mtu mmoja, majina mawili makubwa, la kwanza kihisishi na la pili idadi.

Baada ya ushindi wa Januari 1959 alipewa uraia wa Kuba kana kwamba amezaliwa huko. Aliongoza Benki ya Taifa, kisha Wizara ya Viwanda. Kabla ya hapo alikuwa mkuu wa ngome ya La Cabaña, Havana, ambako mahakama za mapinduzi zilihukumu watu wengi kupigwa risasi, naye alikuwa na mamlaka juu ya hukumu hizo. Wanaompenda hupita jambo hili mbio. Mimi nalitaja kwa sababu hatuwezi kuzungumzia uwajibikaji wa mtu kisha tukachagua kurasa.

Kongo iliingia moyoni mwake kupitia kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa Januari 1961. Mwaka 1964 wapiganaji wa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya nchi yetu, hata Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Novemba mwaka huo askari wa miamvuli wa Ubelgiji, waliobebwa na ndege za Marekani, waliutwaa mji huo. Wiki chache baadaye, Desemba 1964, Guevara alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, na kuishtaki dunia kwa yaliyotendeka Kongo. Kisha akaanza ziara ndefu ya Afrika. Dar es Salaam, Februari 1965, alikutana na viongozi wa harakati za ukombozi, akiwemo Laurent Kabila. Wao waliomba wapiganaji wao wakafundishwe Kuba. Yeye alisema wafundishwe vitani, Kongo. Hawakulipenda wazo hilo. Cairo, kwa mujibu wa simulizi za watu wa Gamal Abdel Nasser, rais huyo alimwonya asije akawa kama Tarzan, mzungu anayekwenda kuwaongoza weusi msituni. Alisikia, akaenda.

Kundi la kwanza, watu 14, lilivuka kutoka Kigoma usiku na kushuka Kibamba, pwani ya Fizi, tarehe 24 Aprili 1965. Majina yao ya siri yalichukuliwa katika Kiswahili. Víctor Dreke, Mkuba mweusi aliyetangazwa kuwa kamanda, aliitwa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Guevara alijificha nyuma yao kama Tatu. Sijui kama kuna aliyemwambia kwamba pwani ya Afrika Mashariki Tatu ni jina la msichana. Tena kwa wanafunzi wa ngeli kuna jambo jingine: tatu ni idadi inayongoja nomino. Watu huwa watatu, vijiji huwa vitatu, mitumbwi huwa mitatu. Ukiiacha peke yake bila kiambishi, unahesabu tu hewani.

Wenyeji walikuwa wamekubali kupokea wakufunzi wa kijeshi kutoka Kuba. Hawakuambiwa kwamba Guevara mwenyewe yumo. Serikali ya Tanzania, ambayo ardhi yake ilitumika kupita, nayo haikuambiwa. Alipomfunulia siri mmoja wa maofisa wa Kikongo pale ufukweni, yule ofisa alishtuka kama mtu aliyemkuta mgeni ameketi sebuleni bila kubisha hodi. Guevara alijitetea kwamba angeomba ruhusa angeweza kukataliwa. Ndiyo maana ya hodi, lakini: mwenye nyumba awe na nafasi ya kukataa.

Wiki zikapita wakingoja. Kabila alikuwa ng'ambo, Kigoma na Dar es Salaam. Leonard Mitoudidie, mkuu wa majeshi ambaye Guevara alimwamini, alizama ziwani tarehe 7 Juni. Daktari Tatu alifungua zahanati, na hapo, nadhani, ndipo alipofanya kazi iliyowafaa watu moja kwa moja: alitibu homa, vidonda, magonjwa ya zinaa, wapiganaji waliojeruhiana kwa bunduki wakiwa wamelewa. Wakulima wa milimani walishuka kumwona. Dawa zilikuja na kurundikwa ufukweni bila mpangilio, akajaribu kuzipanga.

Neno dawa, hata hivyo, lilikuwa na maana nyingine pia, na hiyo ilimsumbua zaidi. Wapiganaji wa Simba walipakwa dawa na mganga ili risasi za adui zigeuke maji. Ilikuwa na masharti: usiguse mali isiyo yako, usimguse mwanamke, usiogope. Aliyekufa alikuwa amevunja sharti, kwa hiyo dawa haikuwahi kukosea. Msomaji wa Tanzania atakumbuka Maji Maji ya 1905. Guevara aliyaandika haya kwa mshangao na hofu. Alishangaa vilevile kwamba wapiganaji walikataa kuingia katika mashimo waliyoyachimba wenyewe kujikinga na risasi, akaliita jambo hilo ushirikina. Nilipokuwa mtoto nilifundishwa kwa Kibembe mambo kadhaa kuhusu shimo lililochimbwa na mtu asiyelala ndani yake, na siyo yote ya kucheka. Lakini ili mtu aambiwe hayo sharti aulize kwa lugha ambayo yanasemwa.

Hapo lugha zilikuwa vurugu. Wakuba walizungumza Kihispania. Guevara alijua Kifaransa, na Kifaransa kilimfikisha kwa viongozi na maofisa tu. Wapiganaji wengi walikuwa Wabembe, wakiongea Kibembe nyumbani na Kiswahili sokoni. Walikuwepo pia wakimbizi kutoka Rwanda wenye Kinyarwanda chao. Amri moja iliweza kupita vinywa vitatu kabla ya kufika kwa mwenye bunduki, na malalamiko yalirudi kwa njia hiyohiyo, yakipungua kila hatua. Wapiganaji walipotakiwa kubeba mizigo ya chakula kupanda mlimani, walimjibu kwamba wao si malori, na baadaye, kwa ukali zaidi, kwamba wao si Wakuba. Aliyaandika majibu hayo kama yalivyosemwa, katika Kiswahili ambacho hapana imekaa mahali pa si. Nikiyasoma nasikia Kiswahili cha watu wasio wenyewe, kilichorahisishwa kwa ajili ya mgeni. Nasikia pia kukataa kwa watu wasioona kwa nini wamtumikie mtu ambaye hawajamwita.

Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa kijana Mkongo, Freddy Ilanga, wa umri wa mwanafunzi wa sekondari. Walikaa pamoja na vitabu vyao milimani, daktari wa miaka 37 mwenye pumu na kijana huyu aliyepewa kazi hiyo na wakubwa. Tatu alijifunza maneno, salamu, amri. Kisha mwendo ukapungua, kwa sababu Kifaransa kilikuwepo.

Tarehe 29 Juni Wakuba, Wanyarwanda na Wakongo walishambulia Bendera, penye kituo cha umeme wa maji. Shambulio lilisambaratika. Wakuba wanne waliuawa, na shajara iliyookotwa kwenye maiti ya mmoja wao iliwajulisha maadui kwamba Kuba iko Kongo. Kabila alikuja Julai, akakaa siku chache, watu wakachangamka na mashimo yakachimbwa. Akaondoka, na kila kitu kikalegea tena. Baadaye Guevara alitembelea hata Fizi na Baraka, akapokewa kwa ngoma na hotuba, na akakuta makamanda wa huko na wale wa Kibamba wakitegeana. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka, na Oktoba Fizi ikatwaliwa.

Wakati huohuo, tarehe 3 Oktoba 1965, Havana ilisikia barua. Guevara alikuwa amemwachia Castro barua ya kuaga ambamo alirudisha cheo, uwaziri na uraia wake wa Kuba, ili lolote litakalompata lisiidaiwe nchi hiyo. Castro aliisoma hadharani. Kwa watu wa ulimwengu ilikuwa habari kubwa. Huku milimani Fizi ilifanya kazi nyingine. Guevara aliandika baadaye kwamba barua hiyo iliwafanya Wakuba wenzake wamwone tena kama mgeni, mtu asiyeshiriki nao tena mambo fulani ya nyumbani. Kwa Wakongo alikuwa mgeni tangu mwanzo. Katika siku hizo, kisheria, hakuwa raia wa mahali alipopigania wala wa mahali alipotoka. Kama kuna mtu aliyewahi kuwa raia wa dunia tu, ni yeye, Oktoba ile, na sidhani kama alikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Mwisho ulikuja upesi. Rais Kasa-Vubu alimwondoa Moïse Tshombe madarakani tarehe 13 Oktoba, nchi za Afrika zikaona sababu ya kutafuta suluhu, na Tanzania ikawaomba Wakuba waondoke. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba walipanda boti. Wakongo walikuwa ufukweni, wapiganaji na watu wao, nao walitaka kuvuka. Boti hazikutosha. Walichaguliwa wachache, wengine wakabaki na jeshi likija. Guevara hakujificha nyuma ya maneno alipolisimulia jambo hilo. Aliliona ni aibu. Siku tatu baadaye Mobutu alitwaa nchi.

Nimeifikiria sana picha hiyo ya boti. Mgeni, hata awe mwema kiasi gani, ana boti. Mkulima wa Kibamba aliyembebea mzigo, aliyemwonyesha njia, aliyempa muhogo, yeye alibaki kuulizwa na askari alimsaidia nani. Walimu wetu hutuonya tusidanganyike na mfanano wa wajibu na jibu: ni mizizi miwili tofauti ya Kiarabu iliyokutana sura katika Kiswahili. Naukubali ushahidi wao. Hata hivyo kuna swali lililoulizwa ufukweni usiku ule, kwa Kiswahili na kwa Kibembe, na aliyepaswa kulijibu alikuwa akilielewa nusu.

Nisijifanye msafi. Niliwahi kuwa mkalimani wa wageni wa misaada katika kijiji kimoja cha Fizi. Mama mmoja alieleza kwa Kibembe, kwa muda mrefu, namna shamba lake lilivyochukuliwa na nani alikuwepo na nani alinyamaza. Nikaligeuza kuwa sentensi mbili za Kifaransa. Mgeni akaandika neno moja katika daftari. Mama alikuwa akiniangalia mimi, wala si yeye.

Guevara alikaa wiki kadhaa amejificha katika ubalozi wa Kuba, Dar es Salaam, akiandika kitabu kuhusu Kongo. Hakianzi kwa ushujaa. Kinaanza kwa kukiri kwamba ni historia ya kushindwa. Anawalaumu wengi, Kabila kuliko wote, lakini mwishoni anajigeukia. Ndipo anapokiri kwamba hakujifunza Kiswahili haraka wala kwa kina, kwamba Kifaransa kilimpa njia ya kufika kwa wakubwa na kumtenga na askari wa kawaida, na kwamba alikosa nia ya kujilazimisha. Kitabu kilikaa zaidi ya miaka 30 bila kuchapishwa kikamilifu. Nimesoma taarifa nyingi za wataalamu waliokuja Kivu na kuondoka. Sikumbuki nyingine ambayo mwandishi anasema alishindwa kwa sababu, pamoja na mengine, hakuisoma lugha yetu. Kwa ukurasa huo mmoja namheshimu kuliko kwa fulana zote.

Novemba 1966 aliingia Bolivia. Safari hii waliyapanga masomo ya lugha mapema: Januari 1967, kambini, wapiganaji walianza kujifunza Kiquechua. Wakulima wa eneo walilochagua hawakuwa wasemaji wa Kiquechua; lugha ya asili ya huko ilikuwa ya jamii ya Kiguaraní. Hakuna mkulima aliyejiunga nao. Alikamatwa tarehe 8 Oktoba 1967 na kuuawa kesho yake katika chumba cha shule, kijiji cha La Higuera, akiwa na miaka 39. Mifupa yake ilipatikana Vallegrande mwaka 1997 na kuzikwa Santa Clara, Kuba. Ni mwaka huohuo, mwezi Mei, Kabila aliingia Kinshasa kama rais.

Freddy Ilanga, mwalimu wa Kiswahili, alipelekwa Kuba mwishoni mwa ile miezi saba. Alidhani ni safari fupi. Alijifunza Kihispania, akasoma udaktari katika lugha hiyo, akawa daktari wa upasuaji wa ubongo na kuwatibu watoto wa huko. Familia yake Kongo ilikaa karibu miaka 40 bila kujua aliko, mpaka simu moja ilipompata. Alifariki mwaka 2005, hukohuko Kuba.